Feni Isiyozunguka Nyumbani

Jumanne ya tarehe 16 Oktoba 1984, saa nane na robo mchana, jua lilikuwa limesimama juu ya mtaa wa Ngokolo bila wingu hata moja la kulipunguza makali, na upepo wa vumbi ulikuwa ukivuma kutoka upande wa reli, ukizunguka kati ya nyumba, kisha ukirejea ulikotoka. Saa hiyo ndipo gari dogo jeupe la Champaklal lilipoingia kwa mara ya tatu katika kiwanja cha Maganga, fundi wa umeme wa magari.

Kiwanja kilikuwa cha Maganga kwa jina tu. Mwenyewe hasa alikuwa Champaklal, mfanyabiashara wa vitambaa na vyakula mjini Shinyanga, aliyemruhusu fundi akitumie kwa sharti la kukilinda. Upande mmoja palikuwa na ghala tupu. Upande wa pili palikuwa na ukuta mfupi wa matofali mabichi, na nyuma ya ukuta huo Mageni, mjane mwenye sauti kubwa, alichemsha supu ya mbuzi tangu alfajiri hadi jioni. Wateja wa Mageni walikuwa pia watazamaji wa Maganga. Hakupata kufungua boneti pasipo macho yao mgongoni mwake.

"Shikamoo, Mzee," alisema Maganga, akijifuta mikono kwa kipande cha gunia.

Champaklal hakuitikia. Alishuka, akaacha mlango wazi, akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Washa."

Maganga aliinama, akageuza ufunguo, akabonyeza swichi. Feni ya kiyoyozi ikanguruma mara moja, na hewa ikatoka kwa nguvu iliyoinua risiti iliyokuwa juu ya kiti.

"Inazunguka," alisema, na furaha iliyokuwa katika sauti yake ilikuwa na woga ndani yake.

"Naiona. Jumapili pia ilizunguka hapa. Na ile mara ya kwanza ilizunguka hapa hapa. Nikifika nyumbani, haizunguki. Kwa nini?"

"Pengine ni joto, Mzee. Nyaya zikipata joto..."

"Nyumbani kwangu gari linakaa kivulini. Hapa linakaa juani. Joto liko wapi zaidi, Maganga?"

Kutoka ukutani sauti ya mnywa supu mmoja ilidakia: "Fundi, hiyo feni inakuogopa wewe! Hamia kwa Mhindi, ikuone kila siku!" Wenzake wakacheka. Maganga naye alijaribu kucheka, akashindwa katikati.

Feni hiyo haikuwa jambo la anasa. Mzee Lalji, baba yake Champaklal, alikuwa amepasuliwa jicho la kushoto huko Mwanza, na daktari aliagiza kwamba vumbi lisiliguse hata kidogo mpaka lipone. Barabara ya kwenda Mwanza wakati huo ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa. Na treni haikuwa na ratiba ya mtu kuitegemea, wala mabehewa yake hayakuwa na vioo vyote. Lilibaki gari hili, ambalo Champaklal alilinunua kwa mhandisi wa Kizungu wa mgodi wa almasi aliyekuwa akirudi kwao: vioo vyote vimefungwa, feni inapuliza. Ijumaa iliyopita walisafiri hivyo, na feni iligoma tangu walipotoka nyumbani. Walipofika Mabuki, mzee alikuwa akihema kama mtu aliyefungiwa ndani ya tanuri. Wakateremsha vioo. Jicho likavimba. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba vumbi likiingia mara nyingine, asilaumiwe yeye. Walitakiwa kurudi kwake Ijumaa hii.

"Mara ya kwanza ulisema umekaza waya," alisema Champaklal. "Nikakupa kilo ya sukari. Baada ya Mwanza nikarudi, ukasema umesafisha kaboni za mota. Nikakupa kilo nyingine, na mche wa sabuni. Sivyo?"

"Ndivyo, Mzee."

"Na leo utaniambia umefanya nini?"

Maganga alitazama feni iliyokuwa ikinguruma bila kosa lolote. Mtu huweza kupambana na kitu kilichokufa. Lakini kitu kizima kinachoshtakiwa kuwa ni kifu kilimwacha fundi yule mikono ikining'inia. "Nitaiangalia upya," alisema.

"Utaiangalia mpaka sukari yangu iishe dukani! Unalegeza kitu makusudi ili nirudi. Unanifanya shamba." Champaklal alipandisha sauti, kisha akaacha Kiswahili. Alikuwa amezaliwa Shinyanga na kukulia mnadani kati ya wachunga ng'ombe, na Kisukuma chake hakikuwa na doa. Neno alilolichagua lilikuwa moja tu. "Ng'wibi!"

Vijiko vilisimama ndani ya mabakuli. Angesema mwizi, kwa Kiswahili, ingehesabika kuwa ni kelele za kibiashara, ambazo mtu huzisikia mjini kutwa na kuzisahau jioni. Lakini neno lile lilikuwa la nyumbani. Lilikuwa neno ambalo babu zake Maganga walilitumia juu ya mtu aliyeingia zizi la mwenzake; na kila aliyekuwa nyuma ya ukuta ule alilielewa bila kutafsiriwa, wakiwamo wazee wawili wa Songwa waliokuja mjini kuuza pamba.

"Alhamisi jioni," alisema Champaklal akiingia garini. "Feni isipozunguka nyumbani kwangu, Alhamisi jioni utoe vyuma vyako hapa."

*

Nyumbani kwake Maganga, hatua chache nyuma ya ghala, mkewe Bernadina alikuwa akichagua mawe katika choroko. Habari ilimfika kabla ya mumewe. Binti yao, Justa, aliyetumwa bombani, alirudi na ndoo nusu na hakutaka kusema sababu. Alipobanwa, alisema kwamba wenzake walimwambia maji ya watoto wa ng'wibi yanatosha nusu.

Bernadina alingoja mpaka mumewe ameoga na kuketi, kisha akamwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kikombe cha chai. Chai haikuwa na sukari.

"Baba Justa, nikuulize jambo, usinikasirikie."

"Uliza."

"Ule waya uliokaza mara ya kwanza. Ulikuwa umelegea?"

"Waya wowote hulegea."

"Sikuuliza waya wowote."

Maganga alitafuna mchembe kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Nilikaza kila uliofikika. Hapakuwa na uliolegea."

"Na hizo kaboni?"

"Zilikuwa nzima, zinaingiza umeme kwenye mota vizuri. Nilizipuliza."

"Ulizipuliza! Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Ungetaka nizipulize kwa nini?"

"Basi tumekunywa sukari ya pumzi," alisema Bernadina, akaendelea kuchagua mawe. Hakucheka.

"Mama Justa, ningesema nini? Mtu ameleta gari, nimewasha, linafanya kazi. Nimwambie sijui? Fundi akisema hajui, kesho nani atamletea hata betri ya kuchaji? Hata wewe, ukimwendea daktari akakwambia hajui, utakaa?"

"Akijua na kunidanganya, nitakaa?"

Maganga alikisukuma kando kikombe cha chai. Hakuwa mwizi, hilo alilijua kama alivyojua jina lake, na alikuwa amelishika hata katika miaka hii ambayo fundi aliyeuza kipuri cha mteja wake aliitwa mjanja. Hakulegeza kitu chochote katika gari lile. Lakini alikuwa amepokea ujira wa kazi ambayo hakuifanya, na aliupokea kwa sababu aliona aibu ya neno fupi kuliko yote katika ufundi. Mtu wa kiburi hujipa ruhusa ndogo ndogo za namna hiyo, huku akijihesabu kuwa ni mwaminifu, na kila ruhusa huzaa nyingine. Jambo lililomsumbua zaidi jioni ile, hata hivyo, halikuwa dhambi yake. Ilikuwa feni. Alikuwa amepanga upya akilini kila waya kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi, kutoka kwenye swichi hadi kwenye mota, na hakuona mahali ambapo waya ungeweza kujua kwamba gari limefika mtaa mwingine.

*

Asubuhi ya Jumatano Bernadina alikwenda dukani kwa Champaklal na kikapu chake. Foleni ilikuwa fupi. Mbele yake mwanamke mmoja alipewa kipande cha sabuni, akakifungia kwenye gazeti, akaondoka. Zamu ya Bernadina ilipofika, karani wa duka, msichana aliyeitwa Eufrasia, alitazama juu ya kichwa chake.

"Sabuni imekwisha."

"Imekwisha sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na ile mirefu nyuma yako ni nini? Ni mishumaa?"

Waliokuwa nyuma waliguna. Eufrasia akaona haya, akashusha sauti: "Dada, usinitie matatani. Nimeambiwa nyumba ya fundi, hapana."

Lataben, mkewe Champaklal, alikuwa ameketi kando ya mizani, sari yake imevutwa juu ya kichwa. Alikuwa mwanamke mpole, aliyeongea Kiswahili taratibu, kana kwamba kila neno alilipima kwanza. Aliyasikia yote na akajifanya anatazama mizani. Bernadina angeweza kuondoka akitukana, na watu wangempa haki. Badala yake alimwendea.

"Habari za asubuhi, Mama Lataben. Mzee Lalji anaendeleaje na jicho?"

Lataben alishtuka kwa kuulizwa. "Limevimba bado. Usiku analia. Hataki tujue, lakini analia."

"Pole sana. Mimi sikuja kwa sabuni tu. Nimefikiri jambo, nami sina ufundi, basi usinicheke. Hilo gari linaumwa hapa kwenu. Kwetu haliumwi. Kwa nini mnaniletea... mnamletea mume wangu gari zima, mnataka alitibu? Aje alione hapa, likiwa linaumwa."

Lataben alifungua kinywa kama mtu mwenye jibu tayari, kisha akakifunga. Kitu fulani kilipita usoni mwake ambacho Bernadina hakukielewa, na ambacho kwa siku nzima alikitafsiri kuwa ni dharau.

"Nitamwambia Seth," alisema Lataben mwishowe, kwa cheo alichozoea kumwita mumewe. "Aje kesho asubuhi."

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Maganga alifika na kikapu chake cha vyuma. Gari lilikuwa kivulini, ndani ya ua wa nyumba ya Champaklal. Mzee Lalji alikuwa ameketi barazani, jicho moja limefunikwa kwa pamba, la pili likiwaka kwa udadisi.

"Karibu, fundi wa pumzi!" aliita. Neno la Bernadina lilikuwa limekwisha vuka mji. "Leo umeleta mapafu?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mimi nakuitikia. Mwanangu hata salamu anazifungia ghalani."

Champaklal, aliyesimama karibu na gari mikono nyuma, hakucheka. Maganga aliketi kwenye kiti cha dereva. Juu ya dashibodi palikuwa na kitu ambacho hakupata kukiona kabla: sanamu ndogo ya shaba ya mungu wao, na mbele yake taa ndogo nyekundu ikiwaka. Aliondoa macho haraka. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba vitu vya ibada vya watu wengine havikodolewi macho wala haviguswi, na heshima hiyo aliiona kuwa sehemu ya kazi yake katika nyumba ya watu.

Aligeuza ufunguo, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Feni haikutikisika hata kidogo.

"Unaona?" alisema Champaklal.

Maganga alitambaa chini ya dashibodi. Taa yake ya kupimia ilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliubana kwenye bodi ya gari, na mwingine akaugusisha kwenye waya wa moto unaoingia katika mota ya feni. Balbu ikawaka. Umeme ulikuwa unafika. Basi mota ndiyo iliyokufa. Alihisi ahueni, akatoa waya mrefu, akaupeleka moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye mota. Feni ikanguruma kwa nguvu zake zote.

Akauondoa waya ule. Feni ikafa. Akagusisha balbu. Ikawaka.

Alikaa chini ya dashibodi akiwa amejikunja, mafuta ya jana kwenye kucha, jasho likimwingia machoni. Umeme upo. Mota ni nzima. Umeme ulipo na mota ikiwa nzima, feni huzunguka. Feni haizunguki. Alirudia maneno hayo kama mwanafunzi anayerudia hesabu na kila mara kupata jibu ambalo mwalimu amelifuta. Aliiruka swichi kwa kuunganisha nyaya zake mbili kwa vidole, kimya. Alikwaruza mahali waya wa bodi ulipofungwa, kimya. Alianza kudhani kwamba pengine ni kweli, kwamba yeye mwenyewe bila kujua anakifanya kitu fulani kibaya kila aligusapo gari hili. Na wazo hilo, ambalo lingemchekesha mwezi uliopita, alilifikiria kwa makini kabisa.

"Vipi?" aliuliza Champaklal. "Umekaza waya? Umesafisha kaboni?"

Maganga alitoka chini ya dashibodi, akasimama. Alimtazama Champaklal, halafu mzee barazani, halafu Lataben aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe.

"Sijui," alisema.

Neno lilikuwa dogo na ua ulikuwa mkubwa.

"Sijui, Mzee. Na mara ya kwanza sikujua. Nilikaza nyaya ambazo hazikulegea. Mara ya pili nilipuliza kaboni ambazo zilikuwa nzima. Sukari yenu niliila bure. Lakini sikulegeza kitu. Leo umeme upo, mota ni nzima, feni haizunguki, nami sijui kwa nini."

"Sasa amekiri," Champaklal alimwambia baba yake.

"Amekiri ujinga," alisema Lalji. "Wewe ulimshtaki kwa kingine."

Lataben alikuwa bado na sinia mikononi. Aliliweka chini. Mbele ya mkwewe hakuwa na desturi ya kuinua sauti, na hata sasa aliongea akiitazama sakafu, lakini aliongea kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Basi na mimi niseme. Gari likienda kwa fundi, mimi namtoa Bhagwan, mungu wetu. Namtoa yeye na taa yake. Likirudi namrudisha."

Champaklal aligeuka. "Unamtoa? Kwa nini?"

Uso wa Lataben ukawa mwekundu. "Kwa sababu ya supu. Pale kwa fundi panachemshwa nyama kutwa. Sisi hatuli nyama, na sikuona vizuri akae katika harufu yake. Na sikuweza kusema. Ningesemaje? Nimwambie fundi kwamba mahali pake pa kazi pananuka, mungu wangu hawezi kukaa? Jana mke wake aliniuliza juu ya jicho la Baba, mimi niliyemnyima sabuni. Nilitaka kusema jana. Nikaona aibu."

Maganga aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepokea chakula na kofi katika sahani moja. Mahali pake pa kazi. Aliona ukuta wa Mageni, moshi, vichwa vya mbuzi juani, akaviona kwa macho ya mwanamke huyu kwa mara ya kwanza. Uso wake uliwaka. Lakini chini ya aibu hiyo jambo jingine lilikuwa likiinuka, na lilikuwa na nguvu zaidi.

"Mama," alisema polepole. "Taa hiyo inapata umeme wapi?"

"Kwenye kile kisanduku. Baba ndiye aliyeiweka kwanza."

"Mimi!" alisema Lalji kutoka barazani. "Siku moja kabla ya safari ya Ijumaa iliyopita. Ujanani nilitengeneza redio za nusu ya mji huu, nishindwe taa moja? Nilifungua kisanduku cha fyuzi, nikachomeka waya nyuma ya fyuzi. Safi! Iliwaka mara moja."

"Nyuma ya fyuzi ipi, Baba?"

"Ile iliyokuwa karibu."

"Mama, naomba nionyeshe unavyofanya."

Lataben alikuja, akainama upande wa abiria, akafungua kifuniko cha kisanduku kwa kucha, na kwa vidole vilivyokwisha kuzoea akauvuta waya mwembamba uliokuwa umechunwa ncha. Taa nyekundu ikazimika. Feni, ambayo swichi yake ilikuwa imeachwa imewashwa, ikanguruma.

Champaklal alimtazama mkewe, akaitazama feni, akaitazama sanamu kana kwamba ndiyo itakayoeleza.

"Rudisha," alinong'ona Maganga.

Lataben akauchomeka waya ule kati ya fyuzi na kibanio chake cha shaba. Taa ikawaka. Feni ikafa.

Maganga alipiga magoti na kuchungulia. Fyuzi ilikuwa imesimama upande. Waya ule mwembamba uliisukuma, nayo ikagusa kibanio kwa ncha tu, kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa kiti. Aliibonyeza kwa kidole gumba. Feni ikanguruma. Akaachia. Ikafa.

"Umeme unapita," alisema, "lakini ni kidogo. Taa ya Mungu wenu inatosheka na kidogo. Balbu yangu ya kupimia nayo inatosheka na kidogo, ndiyo maana ilinidanganya. Feni inataka mwingi. Kwangu ilizunguka kwa sababu waya huu haukuwapo. Mimi sikuijua taa, na nilipoiona leo sikuthubutu kuigusa."

"Kwa hiyo," alisema Lalji, na sauti yake ya mzaha ilikuwa imemwishia, "jicho langu nimelitia vumbi mimi mwenyewe."

Lataben alivuta sari yake mbele zaidi.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Taa ile ilipaswa kupewa waya wake na fyuzi yake, mbali na feni, na kibanio kukwaruzwa kwa msasa na kubanwa upya. Lakini waya ulipaswa kupita chini ya sanamu. Maganga alitoka nje ya gari na kunyoosha mikono yake myeusi mbele yake.

"Sijui desturi zenu. Hii inaruhusiwa?"

Lataben aliingia ndani, akatoka na birika la maji na kipande kizima cha sabuni. Alimmiminia maji mwenyewe, mpaka yakawa meupe yakidondoka.

*

Ijumaa walikwenda Mwanza na kurudi, vioo vimefungwa, feni na taa vikifanya kazi pamoja. Jumamosi saa nne asubuhi, wakati supu ya Mageni ina wateja wengi kuliko saa nyingine yoyote, gari jeupe liliingia kiwanjani. Vyuma vya Maganga vilikuwa vimerundikwa kando ya ghala, vimefungwa kwa kamba. Hakuna aliyemwambia abaki, naye hakuomba.

Champaklal alishuka. Ndani ya gari Lataben alibaki ameketi, na watu wa ukutani waliona jambo ambalo hawakujua maana yake: juu ya dashibodi, katikati ya moshi wa nyama, sanamu ndogo ya shaba na taa yake nyekundu inawaka. Maganga aliijua maana. Aliinamisha kichwa kidogo kumwelekea mama yule, naye akaitikia vivyo hivyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba. Jicho linapungua uvimbe. Daktari ameridhika." Champaklal alifungua buti. Mlikuwa na mfuko wa sukari, mche mzima wa sabuni, na doti ya khanga. "Hii ni ya kazi ya Alhamisi. Na vyuma vyako virudishe mahali pake, mambo yamekwisha."

"Ahsante. Ya Alhamisi ni kilo moja, kama ilivyokuwa. Hiyo nitaipokea." Maganga alivitazama vile vingine, akaviacha butini. "Mama Justa!"

Bernadina alitoka nyuma ya ghala akiwa amebeba mfuko kwa mikono miwili. Asubuhi ile alikuwa amempa jirani yake Paskazia jogoo wake wa pekee, na jirani huyo alimpimia sukari bila kupunja. Aliuweka mfuko juu ya boneti ya gari.

"Hizi kilo mbili ni za kazi ambayo haikufanywa," alisema. "Sabuni tulikwisha kuifulia, mche mwingine utakuja mwisho wa mwezi. Hapo sisi tumelipa."

"Mama, hakuna haja..."

"Ipo, Mzee," alisema Maganga. "Sasa na sisi tunadai."

Champaklal alitazama ukutani. Vijiko vilikuwa vimesimama tena. "Ile siku nilikuwa na hasira," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua baba yangu alivyokuwa. Tusameheane. Haya, pole."

"Pole hiyo umeisema kwa Kiswahili, na umeniambia mimi peke yangu. Neno lile ulilisema kwa Kisukuma, na uliwaambia wote."

"Maganga, watu wananitazama."

"Siku ile walinitazama mimi."

Ndani ya gari Lataben alisema maneno mawili matatu kwa Kigujarati, bila kugeuza kichwa. Champaklal alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo. Alisogea hadi kwenye ukuta wa matofali mabichi, karibu kiasi kwamba mvuke wa supu ulimgusa miwani, na kwa Kisukuma kile kile cha mnadani, kisicho na doa, alisema kwamba Maganga si mwizi, kwamba hakuiba kitu wala kulegeza kitu, na kwamba aliyesema vile alikosea.

"Hatujasikia huku nyuma!" aliita Mageni, mwiko mkononi.

Champaklal alivuta pumzi, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe.

"Limefika," alisema Maganga. Akampa mkono, na mkono huo ukapokelewa. "Hatudaiani, Mzee."

Kisha akaenda kando ya ghala na kuanza kufungua kamba.